Tohara ya Maji na Ushahidi wa Macho
Fiqhi ya Kiislamu huyapima maji ya tohara kwa rangi, ladha na harufu, lakini floridi itokayo katika miamba ya Mlima Meru, ambayo ikizidi miligramu 1.5 kwa lita hutia meno madoa na ikizidi mno hupinda mifupa, haibadilishi hata sifa moja kati ya hizo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayeyatibu maji yenye floridi hiyo kwa elektrodi, yaani vipande vya alumini vinavyopitisha umeme, huona kipande cha upande chanya kikiliwa na kuzaa mashapo meupe yanayoinasa floridi, ingawa floridi yenyewe haioni ikiondoka, hivyo ujuzi wake huegemea kipimo. Kazi hii ya mikono inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, kwa kuwa alumini iliyosalia majini, nayo isiyoonekana, humdai apime tena kabla ya kumpa mwenzake anywe.