Deni la Bonde

Mji wa Liptovský Mikuláš umekaa katika bonde la mto Váh nchini Slovakia, kaskazini yake ni milima ya Tatra na kusini Tatra ya Chini. Toka kale mto huo ulikuwa mlezi na mharibifu. Kati ya 1965 na 1975 lilijengwa, magharibi ya mji, bwawa la Liptovská Mara ili kuzuia mafuriko na kufua umeme. Vijiji kadhaa vilizama, na maelfu ya watu walihamishwa. Mnara wa kanisa la kale umesalia ukingoni mwa maji.

Je, faida ya wengi huhalalisha hasara ya wachache? Bwawa si dhambi, maana mafuriko nayo huua. Lakini hesabu hujumlisha vitu vya jinsi moja, na umeme si jinsi moja na kaburi la mzazi. Sadaka hutolewa na mwenye mali kwa hiari yake. Kitwaliwacho kwa amri, hata kikilipiwa fidia, ni deni. Aliyenufaika hawezi kurudisha kijiji kilichozama. Aweza kukataa kukisahau, na kwa kukataa huko haki huanza.