Asiyejua Maana na Aambiwe Maana

Wazee wetu walisema, Asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii yafaa barazani, watu wanaposemezana kwa mafumbo. Lakini ikiingia darasani huwa hukumu mbaya. Maana mtoto amekuja shuleni kwa sababu hajui maana, naye asipoambiwa huko, ataambiwa wapi? Basi swali tunalotaka kulitafakari pamoja na ndugu zetu walimu ni hili: katika shule ya sekondari, deni la kumfundisha mwanafunzi kusoma na kufahamu asomayo ni la nani? Ni la mwalimu wa lugha peke yake, au ni letu sote?

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Sisi twafundisha Fizikia. Siku moja tuliuliza kwa Kiingereza kwa nini jahazi litokalo baharini na kuingia mtoni huzama zaidi kidogo, ijapokuwa shehena yake ni ile ile. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mzaliwa wa pwani, aliandika tarakimu tupu, akijumlisha na kutoa. Tulimpa sifuri, tukamwita mvivu mbele ya wenzake. Jioni tulimwuliza neno lile lile kwa Kiswahili. Akajibu pasipo kusita kwamba maji ya chumvi ni mazito kuliko maji ya mto kwa kipimo kile kile, kwa hiyo huchukua chombo vema zaidi. Kumbe neno la Kiingereza tulilolitumia kwa maana ya “eleza sababu” yeye alilijua kwa maana ya hesabu za fedha tu! Elimu alikuwa nayo. Aliyekosa siku ile ni sisi, tuliomhukumu kabla ya kumsikiliza.

Tulipomweleza mwenzetu afundishaye Kiingereza, alisema kwamba hajapata kukutana na swali la namna hiyo katika vitabu vyake, nasi tulikuwa tukidhani kwamba yeye ndiye angemfundisha. Hivyo mtoto alikuwa kama mgeni aliyealikwa na nyumba mbili akalala na njaa, kila nyumba ikidhani amekula kwa jirani.

Tena, jambo hili si la Kiingereza tu. Liko neno moja la Kiingereza ambalo katika Historia ni mamlaka, katika Hesabu ni kipeo, na katika Fizikia ni kasi ya kufanya kazi. Hata Kiswahili chetu hugeuka kiingiapo katika elimu. Mtu asimamaye kutwa na gunia kichwani, Fizikia yasema hakulifanyia gunia kazi yo yote, kwa kuwa halikusogea. Nenda ukamwambie hivyo mpagazi! Mwalimu wa lugha hawezi kuyajua hayo yote. Ni nani awezaye kuyafungua, kama si yule mwenye somo?

Na kila somo lina kusoma kwake. Hesabu husomwa polepole, maana neno dogo kama “angalau” hugeuza jibu zima. Historia husomwa kwa kuuliza ni nani asemaye, alisema lini, na alitaka nini. Maagizo ya Kemia husomwa kwa utaratibu, hatua kwa hatua, maana arukaye mstari mmoja aweza kujiunguza. Asiyefundishwa hayo atanakili ubao mzima kwa mwandiko mzuri, wala asipate kitu.

Habari hizi si mpya. Katika Uingereza mwaka 1975, kamati iliyoongozwa na Alan Bullock ilishauri kila shule ya sekondari iwe na mpango wa lugha katika masomo yote, na kila mwalimu awe na sehemu yake. Kwetu Tanzania, ambako shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, wachunguzi Criper na Dodd waliona mwaka 1984 kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakujua Kiingereza cha kutosha kusomea masomo yao. Watoto waliopimwa wakati ule leo ni wazee, na mlango wa kidato cha kwanza ungali mwembamba vile vile kwa wengi.

Huenda mtu akasema, Muhtasari ni mrefu na mtihani u karibu. Nitapata wapi nafasi? Twajua, maana nasi twaukimbiza muhtasari huo huo. Lakini aliyefika mwisho wa kitabu peke yake, na darasa lake likabaki ukurasa wa tano, amefika wapi?

Mwingine atasema, Sikufundishwa hayo. Huyu ana haki kabisa. Si adili kumdai mtu asichopewa. Kwa hiyo deni hili lina wadaiwa wawili: mwalimu, na wale wamfundishao mwalimu. Chuo kisimpe hotuba ya siku moja tu, bali kimwekee mkononi kitabu cha somo lake mwenyewe, ajizoeze: kuchagua maneno matano yatakayomkwaza mwanafunzi na kuyaeleza kabla ya kusoma, kusoma fungu kwa sauti na kuonyesha jinsi yeye mwenyewe anavyotafuta maana, kuwaacha vijana wazungumze kwanza kwa lugha waijuayo, ndipo waandike kwa ile wajifunzayo. Kisha aingie darasani, na mwenzake akae nyuma amtazame, wakasahihishane bila haya. Kazi hiyo yataka miezi, si siku.

Hata hivyo mwalimu asingoje chuo ndipo aanze. Sisi tulimwendea yule kijana, tukamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia akiitwa mvivu. Tangu siku hiyo, kabla ya kuandika sifuri, hujiuliza kwanza: je, swali alilielewa?