Kipimo Nacho Kipimwe

Wanangu wa Mutoshi, hapa Kolwezi, mnaojifunza kuandika programu, leo nina neno juu ya balaa ambalo walimu hulipita haraka. Programu yako inakufa katikati ya kazi. Unaiweka ndani ya gdb, chombo cha kusakia kasoro za programu, uone inafia wapi. Kabla hujaona lolote, gdb nayo imekufa. Hapo kijana huanza kubomoa programu yake ovyo, au hufuta chombo akakiweka upya. Usiku unakwisha bure.

Mchimbaji wa Kolwezi ana akili zaidi. Akifikisha gunia dipo la wanunuzi, mashine ya kupimia ya Metorex ikasoma kobalti kidogo kuliko alivyotarajia, harudi shimoni kuchimba upya. Akiweza, huipeleka sampuli ileile kwenye mashine nyingine. Zikipishana sana, kuna kipimo kinachodanganya; zikikubaliana, ndipo hulilaumu jiwe.

Basi anzeni hapo. Andika programu ya mistari mitano isiyo na kasoro, uiendeshe ndani ya gdb hiyohiyo. Ikienda salama, kinachokiangusha chombo huenda kimo katika programu yako au katika mipangilio yako. Kiwashe tena kwa gdb -nx, kisisome zile faili za mipangilio ulizonakili kwa rafiki ili skrini ipendeze. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike daftarini, kwa kalamu. Waya mkubwa wa umeme kutoka bwawa la Inga, wa kilomita 1,700 hivi, unakomea hapahapa Kolwezi, lakini nyumbani kwetu giza halibishi hodi.

Msishangae kwamba programu mbovu huweza kukiua chombo kizima. Chombo husoma kumbukumbu ya programu yako na kuamini kinachokuta humo. Ukikiomba kionyeshe orodha ambayo bado haijapewa thamani, kinaweza kukuta takataka zinazodai kuwa orodha ina vitu mabilioni, kikahangaika navyo hadi kumbukumbu iishe. Kosa la nani? Kwangu mimi, la wote wawili: wewe hukuiandaa orodha, nacho hakikupaswa kufa kwa kuona takataka.

Tena wengi wenu mnatumia kompyuta kuukuu. Linux ikiishiwa kumbukumbu huchagua programu moja na kuiua. Utaona neno Killed peke yake, uape kwamba gdb ni mbovu. Andika dmesg, usome mistari ya mwisho. Mauaji ya namna hiyo huandikwa humo. Hilo liangaliwe kabla ya kumshtaki yeyote.

Ukisharidhika kwamba chombo ndicho chenye kasoro, kichunguze kwa chombo chenyewe. Richard Stallman alianza kukiandika mwaka 1986, na msimbo wa gdb uko wazi kwa kila mtu. Andika gdb --args gdb ikifuatiwa na jina la programu yako, kisha run. Sasa una nakala mbili, ya nje ikiilinda ya ndani. Zinafanana usoni, kwa hiyo kabla ya run ipe ya nje alama yake: set prompt nje>. Ya ndani ikianguka, andika bt kwa ya nje, nayo itakuorodheshea miito iliyokuwa ikiendelea wakati wa kuanguka. Orodha hiyo ni mali. Ihifadhi.

Na usiifungie sandukuni. Watunzaji wa gdb hupokea taarifa za kasoro kutoka kwa yeyote. Wape namba ya toleo, mfumo wa kompyuta yako, hatua ulizopita, orodha ile, na programu fupi kuliko zote inayoleta tatizo. Najua mmesoma kwa Kifaransa na Kiingereza chenu kinachechemea. Andikeni hivyohivyo, mtume.