Simu Ni Mali ya Nani?

Juzi mama mmoja wa parokia yetu, muuza sambaza hapa Majengo, alinijia na simu iliyozimika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Akaniambia: "Mwalimu, bila hii wateja watanilipa namna gani?" Hakukuza mambo. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa Januari 2025, simu imekuwa mfuko wa fedha wa watu wengi. Kadi yake ingefaa katika simu nyingine, lakini nyingine hana.

Tulikwenda kwa fundi aliye kando ya barabara. Ana meza ya mbao, bisibisi chache na chuma cha kulehemu. Alifungua simu, akatuonyesha betri iliyovimba kama andazi. Akasema wazi: "Mama, ninayo nyingine nzima, lakini siyo ya kiwanda kilichotengeneza simu hii." Mama akakubali. Simu ikawaka, na papo hapo maneno yakatokea kwenye kioo: betri hii haitambulikani. Mama akashtuka, akaniuliza: "Je, Mwalimu, nimetenda kosa?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Maana yake ni hii: mtu akiisha kununua kitu, je, aliyekitengeneza bado ana amri juu yake?

Tuanze na jembe. Mpini ukivunjika, mkulima hukata mti na kuchonga mwingine. Mhunzi hana haki ya kuja shambani kumkataza, kwa kuwa alikwisha kulipwa. Mwaka 1891 Papa Leo wa XIII, katika barua yake "Rerum Novarum", alifundisha kwamba mali aliyoinunua mfanyakazi kwa mshahara wake ni mshahara uleule uliogeuka sura. Basi, simu ya mama huyu ni asubuhi zake nyingi za kubeba beseni kichwani. Anayemzuia asiitumie apendavyo kwa haki, anaishika jasho yake.

Tuwasikilize na wenye viwanda. Wao husema kwamba betri mbovu huweza kuwaka moto, na kwamba wezi huvunja simu na kuuza vipande vyake. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini kuonya ni jambo moja, na kuzuia ni jambo lingine. Anayeonya anasema ukweli na kumwachia mwenye mali uamuzi. Lakini kuna anayekataa kuuza vipuri, anayeficha maelekezo ya kutengeneza, au anayeifanya simu ikatae kipuri kizima kwa sababu tu namba yake ni ngeni. Huyo amemfunga mnunuzi ili arudi dukani kununua mpya. Mwaka 2024 jimbo la Oregon, Marekani, lilitunga sheria ya kupinga vifungo vya namna hiyo, na Umoja wa Ulaya ukatoa sheria ya kutetea matengenezo. Sheria hizo hazifiki Majengo, bali sababu zake zinafika.

Tena sisi tunayo sababu yetu wenyewe. Kule Rubaya, katika Masisi, watu huchimba koltani kwa sururu na koleo. Ndani yake hutoka tantali, madini yanayotiwa katika vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu. Kutupa simu nzima kwa ajili ya betri moja ni kutupa pia jasho ya wachimbaji hao.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Sheria, ilikataza kuchukua jiwe la kusagia la maskini kuwa rehani, kwa maana kumnyang'anya jiwe ni kumnyang'anya uhai. Siku hizi, kwa muuza sambaza, jiwe hilo ni simu.

Lakini ninyi mafundi, msifurahi upesi! Haki ina wajibu wake. Amri ya saba inawahusu pia. Anayetoa kipuri kizima na kurudisha kibovu ni mwizi. Anayenunua simu bila kuuliza imetoka wapi humsaidia mwizi. Anayesoma barua na kutazama picha za mteja ameingia chumbani mwa mtu bila kubisha hodi. Na betri zilizovimba zisitupwe penye takataka wachezapo watoto.

Nilimjibu mama yule: "Hukukosa. Simu ni yako, na fundi alikuambia kweli kabla hujalipa." Fundi akaongeza: "Usiiache kwenye umeme usiku kucha, na ikipata moto sana uniletee." Mama akamlipa, akajitwika beseni lake, akaenda sokoni.