Kudra na Choo cha Jirani

Mtoto akifa kwa kipindupindu, msibani tunaambiana kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Faraja hiyo siipingi. Ninachopinga ni kuitoa matangani na kuifanya maelezo ya chanzo cha ugonjwa. Mvua kubwa zikinyesha Dar es Salaam, wapo wanaotapisha vyoo: hutoboa shimo, kinyesi kikaondoka na maji hadi uani kwa jirani, pengine hadi kisimani kwake. Hapo pana mkono wa mtu, na mkono huo utaulizwa mbele ya Mungu. Kwa hiyo kuukagua mtaa, choo kwa choo na kisima kwa kisima, ni ibada kabla hakujawa kazi ya bwana afya.

Atasema mtu kwamba kufukua chanzo ni kushindana na kudra. Hoja hiyo ni kongwe. Khalifa Umar bin al-Khattab, akiwa njiani kwenda Sham (eneo la Syria), aliarifiwa kuwa huko kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wa jeshi lake huko, akamhoji: je, anaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kwamba anaikimbia kuiendea kudra nyingine ya Mungu huyohuyo. Wakristo nao wanayo Walawi 14, ambamo kuhani huingia nyumba yenye madoa ukutani, huifunga siku 7, kisha hurudi kuitazama. Na mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 600 mtaa wa Soho, London, daktari John Snow alilituhumu bomba la maji la Broad Street. Kasisi Henry Whitehead hakuamini, akapita nyumba kwa nyumba ili amkanushe. Aliyoyakuta yakamgeuza: maji yaliyotumika kufulia nepi za mtoto mgonjwa yalimwagwa katika shimo la maji taka lililopakana na kisima cha bomba hilo. Whitehead alibaki kasisi hadi alipofariki mwaka 1896.

Lipo pingamizi zito zaidi: kila mtu achemshe maji yake, anawe mikono yake. Ni kweli, na afanye hivyo. Lakini mkaa hununuliwa, na mpangaji wa chumba kimoja hawezi kujenga choo katika kiwanja kisicho chake. Kumlaumu yeye peke yake ni dhuluma, na ukaguzi unaomtoza faini huku ukimwacha mwenye nyumba ni dhuluma iliyopigwa muhuri. Masheikh na mapadri, masika huanza Machi. Februari ingieni vichochoroni pamoja na mwenyekiti wa mtaa, mkavitazame vyoo kwa macho yenu, na wenye nyumba muwaambie mliyoyaona.