Binti wa Kiislamu na riwaya: Tunaogopa nini?

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam alinishika mkono tukiwa tunavaa viatu. "Ustaadh, binti yangu kapangiwa HKL kidato cha tano. Mwambie abadilishe, wewe atakusikia."

HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza, na masomo mawili kati ya hayo yana fasihi ndani yake. Mzee anasema riwaya zimejaa zinaa na ulevi, na mwanawe ameshika hijabu vizuri, hataki aharibiwe. Angeridhika akihamia tahasusi yenye Maarifa ya Uislamu, maana tangu Serikali ilipoziongeza mwaka 2024 nazo zipo. Hilo ndilo somo ninalofundisha mimi, kwa hiyo ombi lenyewe lilinipendeza.

Nilikaribia kumjibu "sawa mzee wangu". Kilichonizuia ni kijana mmoja niliyemfundisha miaka ya nyuma, aliyekuwa akitunga kasida nzuri. Aliponiuliza kuhusu fasihi nilimwambia ni upuuzi usiomfaa Muislamu. Akanitii, akachukua mchepuo mwingine, na kutunga akaacha. Mimi sikuwa nimefungua hata kitabu kimoja kati ya vile nilivyomkataza. Nilihukumu nisichokijua, na mtoto wa watu akaibeba hukumu yangu.

Sasa tuulizane. Kusimulia dhambi ni sawa na kuipamba? Surat Yusuf, ambayo Mwenyezi Mungu (SW) ameiita simulizi nzuri kabisa, ina mke wa mkubwa wa Misri anayefunga milango na kumtaka kijana wa watu. Tunaisoma misikitini mbele ya watoto wetu. Tamaa imetajwa waziwazi, lakini haikupambwa.

Atasema msomaji: Qur'an ni haki, riwaya ni ya kubuni, na kubuni ni uongo. Hoja hiyo ni kongwe. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat, visa vya tapeli mwenye ulimi mtamu aitwaye Abu Zayd. Katika utangulizi alijitetea dhidi ya watakaomlaumu kwa kubuni, na wanavyuoni wakakisoma kitabu kile karne kwa karne. Anayejua tangu mwanzo kuwa kisa kimebuniwa amedanganywa na nani? Hata Surat Ash-Shu'araa, inayowalaumu washairi, mwishoni inawatoa lawamani walioamini na kutenda mema. Na hapa pwani, Mwana Kupona alipotaka kumuusia bintiye mwaka 1858, alimtungia utenzi.

Sikatai kwamba vipo vitabu vichafu. Baada ya mazungumzo yale nilitafuta Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na ikawahi kupigwa marufuku mashuleni. Zipo kurasa nisizoweza kumsomea binti kwa sauti. Lakini kisa chenyewe ni cha msichana aliyelelewa kwa kipigo na baba mlevi, baba aliyedhani kumtia mtoto woga ndiyo kumlea. Alipokwenda mbali na nyumbani hakuwa na kitu moyoni cha kumzuia, na akaishia kujiua. Nilipofunga kitabu sikumfikiria binti wa mzee. Niliwafikiria akina baba, na walimu wa dini kama mimi, tunaokataza halafu hatuelezi.

Tena binti huyo anayo simu aliyonunuliwa na baba yake mwenyewe. Anayoyaona humo usiku hakuna mwalimu wa kumuuliza mhusika huyu kakosea wapi, na kwa nini. Darasani ataulizwa, na atapaswa kujibu kwa hoja.

Kuna na swali la ajira, lakini mzee hakulitaja na mimi sikuliamsha.

Nilimrudia wiki iliyofuata. Nikamwambia sitamshawishi binti ahame, ila kila kitabu atakachopewa nitakisoma na mimi, na Jumamosi baada ya darasa tutakizungumza, yeye baba akiwepo. Alikaa kimya muda mrefu. "Ustaadh, mimi nilikuomba umzuie, sasa unanipa kazi ya kusoma?" Hajakubali, na siku ya kuripoti shuleni inakaribia. Kitabu nimemwachia.