Mwana Ugenini na Mgeni Nyumbani

 

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya darasa letu hapa Kilifi, mzee mmoja alibaki nyuma mpaka watu wote wakaondoka. Alikuwa na karatasi mkononi. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 16, alikuwa amechaguliwa kwenda Marekani, asome mwaka mmoja katika skuli ya sekondari na akae nyumbani kwa watu wasiokuwa Waislamu, ambao hajapata kuwaona. Karatasi ile ilitaka saini ya mzazi. Akaniambia: "Sheikh, nikitia saini nachelea nisije nikawa nimeiuza dini ya mwanangu. Nisipotia, nachelea siku moja ataniuliza kwa nini nilimfungia mlango wa kheri. Nipe la kufanya."

Swali hili si la mzee huyu peke yake. Mwaka 2002 Serikali ya Marekani, kwa juhudi za maseneta wawili, Edward Kennedy na Richard Lugar, ilianzisha mpango wa kuwaalika vijana wa sekondari kutoka nchi zenye jamii kubwa za Waislamu, na Kenya imekuwa miongoni mwa nchi hizo. Kijana hukaa na watu wa nyumba moja, husoma pamoja na watoto wa mji ule, kisha hurejea kwao. Wenye nyumba hawalipwi ujira kwa kumweka. Mpango huo ulikuja mwaka mmoja tu baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, na haja yake haikufichwa: watu wa pande mbili wajuane, chuki ipungue. Uchina nayo, mwaka 2005, ilipoadhimisha miaka 600 ya safari ya kwanza ya jemadari wa bahari Zheng He, ilimpa binti mmoja wa Lamu nafasi ya kusoma huko, kwa kuwa jamaa zake husimulia kwamba asili yao ni mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo karibu na Pate.

Basi watu wetu wamegawanyika mapote mawili. Pote la kwanza lasema: ni haramu, mtoto atapotea. Pote la pili lasema: na waende tu, dunia imegeuka, tena hutoa hoja kwa ile hadithi ya kutafuta ilimu hata Uchina. Hadithi hiyo wanazuoni wameidhoofisha, wala haifai kujengewa hukumu. Nasi hatuihitaji, kwani Qur'ani yatosha. Katika Sura ya Al-Hujurat tumebainishiwa kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tupate kujuana. Na tendo lililotumika hapo, katika lugha ya Kiarabu, ni tendo la pande mbili: mimi nikujue, nawe unijue. Neno hilo tulishike, kwani tutalirejea.

Natutazame sira. Katika mwaka wa tano wa utume Waislamu walipoteswa Makka, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Habasha, katika nchi ya mfalme Mkristo, kwa kuwa mfalme yule hakuwa akidhulumu watu. Jaafar bin Abi Talib aliposimama mbele ya Najashi hakuificha dini yake, wala hakumvunjia heshima mwenyeji wake. Lakini waandishi wa sira wamepokea vilevile kwamba katika wahamaji hao alikuwamo Ubaidullah bin Jahsh, ambaye alitoka katika Uislamu akafia huko huko. Mkewe, Ummu Habiba, alibaki imara, kisha akawa katika Mama wa Waumini. Tafakari, ndugu yangu: safari ni moja, ugeni ni mmoja, na nyumba ni moja. Basi wanaokhofu hawakukosa, kwani aliyepotea alikuwa mtu mzima, si mtoto. Lakini hukumu ya safari si moja kwa wote. Yategemea kile ambacho msafiri amekichukua moyoni alipotoka kwao.

Na baada ya vita vya Badri, imepokewa kuwa mateka waliojua kuandika nao hawana mali walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Waalimu hao walikuwa washirikina, tena maadui wa jana. Mtume hakuona kuwa herufi zina najisi ya mkono ulioziandika.

Katika pwani yetu, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu na aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alikuwa akiwahimiza Waislamu watafute ilimu za zama zao bila ya kuiacha dini yao. Mwanawe, Ali Mazrui, alisoma Manchester, New York na Oxford, kisha akaa miaka mingi akiwafundisha Wamarekani katika vyuo vyao, akiwaeleza habari za Afrika na za Uislamu. Alipofariki mwaka 2014 alirejeshwa Mombasa akazikwa kwa wazee wake. Huko ndiko kujuana kwa pande mbili: alikwenda mwanafunzi, akawa mwalimu.

Lakini tusiwe wajinga. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 mfalme wa Malindi alimkaribisha Vasco da Gama, akampa rubani wa kumfikisha Calicut. Mwaka 1505 Wareno waliipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Mwenyeji alimjua mgeni kwa zawadi zake, hakuijua nia yake. Kumkirimu mgeni ni wajibu. Kuuliza anataka nini si utovu wa adabu.

Kwa hivyo nilimwambia mzee yule: Tazama mambo matatu. La kwanza, je, mwanao husali pasipo kuhimizwa, na akiulizwa kwa nini husali, aweza kujibu kwa upole? Ikiwa husali kwa kukuogopa wewe, basi usimpeleke, kwani wewe hutakuwapo. La pili, waulize wenye nyumba kabla ya safari: je, watamwachia nafasi ya sala, ya funga na ya chakula cha halali, na je, ataweza kusema nawe wakati wowote? La tatu, mwekee ahadi kwamba atakaporudi atawafundisha wenzake aliyojifunza, wala hatawadharau wazee. Na kiburi hiki hakitoki Marekani tu. Tumewaona vijana waliorudi kutoka miji ya Waislamu nao wakawadharau waliowafundisha alifu na be. Ama khabari ya mtoto wa kike na suala la mahramu, wanazuoni wamekhitalifiana, nasi tutalieleza peke yake katika toleo jingine, inshallah.

Mzee aliridhika, akainuka. Hapo nikamuuliza: "Vile vyumba vyako vya uani, hukaa nani?" Akasema: "Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani. Mmoja ni kijana wa bara, Mkristo, mwaka wa pili huu yuko kwangu." Nikamuuliza: "Jina lake nani?" Akanyamaza. Kisha akasema: "Kodi huleta kwa wakati. Jina silijui."

Ndugu zangu, neno hili halikumhusu yeye pekee; lilinichoma na mimi. Twakesha tukiuliza ni watu gani watakaomweka mwana wetu huko ng'ambo, watampa chakula gani, watamsikiliza akilia usiku? Na mwana wa watu yuko uani kwetu, twamhesabu kwa mwezi. Ramadhani hupita, harufu ya futari yamfikia chumbani kwake, wala hapana amwambiaye karibu. Akirudi kwao akaulizwa Waislamu ni watu gani, atajibu nini? Atasema: ni watu waliokuwa wakinidai kodi. Abdullah bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza mara mbili kama jirani yake Myahudi ameshapelekewa nyama. Sisi twajua hadithi hiyo na twaisomesha.

Kujuana hakuanzi kwenye kiwanja cha ndege. Anayetaka mwanawe apokewe kwa wema na apokee, na awe amepokea hata kabla ya mwana kusafiri. Tusingoje serikali wala mpango wowote kwa jambo hili. Yatosha sinia moja na mkeka mmoja.

Siku ya tatu mzee alinijia tena, na karatasi ameshaitia saini. Lakini hakuanza na khabari ya karatasi. Alianza kwa kunitajia jina la yule kijana, na kwamba kwao ni Kitui, na kwamba babake ni mwalimu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wana wetu walioko ugenini, na atufanye sisi wenyeji wema kwa wana wa watu. Amin.